Dakika Ishirini Kabla ya King'ora

Zellersford, Pennsylvania
9 Mei

Kaka Lester,

Pokea salamu zangu huko Ohio. Natumaini goti limepata nafuu na shemeji Arlene hajambo. Mimi ni mzima.

Mji wetu unatimiza miaka mia na hamsini. Watu bado hawafiki elfu, makanisa matatu, na madiwani saba wanaogombana kila mwezi theluji ya mtaa gani izolewe kwanza. Kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea bado kinapika supu ya kuku na mahindi, na ukichelewa unakuta sufuria tupu. Clayton Moyer, siku hizi mwenyekiti wa madiwani, alinipa kazi ya kuandika kijitabu cha historia, akisema ni mimi tu niliyebaki ninayekumbuka kila nyumba ya Mtaa wa Maji. Nilikubali, maana niliogopa zaidi aandike mwingine.

Niliandika kuhusu kiwanda cha ngozi, reli iliyong'olewa, na mpaka wetu unaopita katikati ya kijito, ambao kwa sababu yake wa ng'ambo tunawaita wageni hata kama tumeoana nao. Nilipofika ukurasa wa tisa, mafuriko, nikaandika kama mji unavyosimulia: kwamba Jumamosi ile zamu ya kutazama maji ilikuwa yako, nawe ulikuwa ng'ambo kwa mchumba wako Arlene, kwamba kitufe cha king'ora hakikubonyezwa, kwamba Bibi Orpha Stettler alichukuliwa na maji akiwa mezani kwake.

Anayesahihisha kurasa ni Verna, binti wa Bibi Orpha. Alinirudishia ule ukurasa, pembeni ameandika kwa penseli: haya umeyapata kwa nani? Siku tatu sikula vizuri.

Kaka, ulipowaambia wenzetu wa kikosi kwamba uliniomba nikushikie zamu, nilisema hukuniomba. Wakakuvua kofia ya zimamoto, ukahama. Najua miaka yote hii umedhani nilisahau kwenda. Laiti ningesahau. Nilikwenda. Saa sita kasoro dakika ishirini maji yaligusa alama nyekundu ya hatari kwenye nguzo ya daraja, nikayaona kwa macho yangu. Lakini wiki moja kabla nilikuwa nimebonyeza king'ora kwa moshi wa mkate ulioungua kwa kina Moyer, na mji mzima ukanicheka. Hata kinyozi aliniuliza, "Elwood, leo hatuungui?" Nikaona haya. Nikakumbuka kwamba kila Jumamosi saa sita king'ora hulia chenyewe kwa majaribio. Nikajiambia ngoja, kitalia tu, na maji yakishuka hakuna atakayejua kama niliogopa. Kikalia. Watu wakaketi kula, kama kila Jumamosi. Maji yalivunja ukingo kingali kinalia.

Mficha uchi hazai, nami nimeficha miaka arobaini. Jumatatu nilisimama mbele ya madiwani na kikosi kizima, nikasema yote. Hakuna aliyefoka, afadhali wangefoka. Clayton alitazama viatu vyake. Verna akaniambia, "Siku zote tulijua mmoja wenu anadanganya. Tukamfukuza msema kweli, na mwongo tukampa kalamu."

Ukurasa wa tisa ameuandika upya yeye mwenyewe. Nakala yake imo humu ndani. Kofia yako, namba kumi na nne, imerudishwa kwenye msumari wake ukumbini. Yangu niliiteremsha kwa mkono wangu. Sikuombi msamaha kwa karatasi. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane nikiwa nimesimama, nitakusikiliza hadi mwisho.

Msalimie sana shemeji, na umweleze kwamba siku ile hakumzuia mtu yeyote kufanya kazi yake. Zamu ilikuwa na mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Elwood, niliyekuwa zamu