Penalti Niliyomnyima Mtani Wangu

Mkolani, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nafuu ya goti, na kwamba mvua zimekuachia mihogo kidogo shambani. Huku tunapumua. Mke wangu na watoto wazima, ila mimi nimechoka, mama. Si homa, ni kuchoka tu.

Najua umeshawaambia majirani kuwa nakuja. Siji. Ile mechi ya Dar niliyopewa kuchezesha, ambayo ingenifikisha hadi Maneromango nikuone baada ya miaka yote hii, wamenipokonya. Ngoja nikueleze, maana chanzo chake ni utani wetu na Wasukuma, na wewe Mzaramo utanielewa kuliko wao.

Unamkumbuka Masanja, yule Msukuma niliyekuandikia habari zake? Baba alipofariki nami nikashindwa kuja kuzika, alifika hapa kwangu akajilaza mlangoni, akasema hainuki mpaka agawiwe urithi wake, koti la marehemu. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Siku ile ndipo nilipojua nina ndugu Mwanza.

Basi Masanja ndiye kapteni wa timu ya hapa. Zamani ilikuwa ya kiwanda chetu. Kiwanda kilipopunguza watu, mimi nikiwemo, timu ikachukuliwa na tajiri mmoja wa minofu ya sangara. Tajiri hakuwaficha: mkishuka daraja, kila mtu atafute njia yake. Na mechi ya mwisho ilikuwa lazima washinde, tena dhidi ya timu ya kutoka huko Dar.

Mwamuzi alikuwa atoke Tabora, treni ikamkwamisha njiani, chama cha waamuzi kikaniita mimi. Wageni wakanikubali kwa kuwa ni Mzaramo, mtu wao. Wenyeji wakanikubali kwa kuwa naishi nao. Kila upande ulidhani mimi ni wake, na mimi kwa ujinga wangu nikaona hiyo ndiyo haki yenyewe.

Viongozi wanapeana mikono na wachezaji, tunajiandaa kurusha shilingi, Masanja akaanza. "We Mzaramo, leo ukipuliza ovyo nakuzika pale kwenye kona, na sanda nakununulia ya mtumba!"

Ningenyamazaje, mama? Nikamjibu kwa sauti, "Nenda kachunge ng'ombe huko! Leo nakupa penalti mbili, maana miguu hiyo bila msaada haifungi hata zizi."

Tukacheka. Kiongozi mmoja wa wageni hakucheka. Akawageukia wenzake, "Mmesikia? Ameshaahidi penalti mbili." Mdomo uliponza kichwa.

Nilichezesha vizuri, wallahi. Mpaka karibu na mwisho, bado ni bila bila, Masanja akaingia na mpira kwenye boksi, beki akamkata miguu. Sikuwa mbali. Niliona mguu wa beki, nikaona na mpira haukuguswa. Filimbi iko mdomoni. Hapo yale maneno yangu yakanirudia kichwani, penalti mbili, penalti mbili, na yule kiongozi nikamwona ameshasimama pale benchi. Nikasema moyoni, nikipuliza watasema tulipanga. Nikapunga mikono: endeleeni!

Masanja hakubisha. Alikaa palepale chini akaniangalia. Mechi ikaisha hivyo, timu ikashuka.

Wageni walikuja kunishika mkono. Nikaitwa mwamuzi asiye na upendeleo, ndiyo sababu ya kupewa mechi ya Dar. Mimi, mama! Angekuwa mchezaji nisiyemjua ningepuliza bila kufikiri. Nilimnyima kwa sababu ni mtu wangu. Huo nao ni upendeleo, ila umevaliwa nje ndani kama shati la mtoto.

Nilikaa nalo, likanishinda. Nikaenda chamani nikawaambia ile ilikuwa penalti na sababu ya kutopuliza ni hii. Mwenyekiti akashangaa. "Shomari, mbona unajitafutia makubwa? Watu wote wameridhika." Nikamuuliza, wote gani? Wakanifungia msimu mzima, mechi wakampa mwingine. Matokeo hayakubadilika. Tajiri amejitoa, na Masanja sasa anashusha magunia Kamanga, ng'ambo ya maji, pale pantoni inapofikia.

Nikavuka kumfuata. Nilimkuta amekaa juu ya magunia. Nikaanza mimi, "We Msukuma, nani kakuruhusu kukaa karibu na maji, huogopi kuoga?" Nikangoja anitukane. Akainuka, akapangusa mikono kwenye kaptula, akanipa mkono kwa adabu zote.

"Habari za siku nyingi, mzee Shomari. Karibu sana. Watoto hawajambo?"

Nikamwambia nimekiri chamani. "Nimesikia, mzee. Ahsante sana." Akaniagizia chai, tukanywa, akanisindikiza hadi kwenye pantoni. Hata tusi moja hakunipa. Nilirudi nikilia mbele ya abiria, wala sikujali nani ananitazama.

Kukosa kuja kwako kunaniuma, mama. Ile "mzee Shomari" inaniuma zaidi.

Nisalimie mjomba Kondo aliyenilea, mwambie namwombea macho yake. Msalimie dada Mwanahawa na shemeji fundi cherehani, na shangazi aliyenisomesha Kurani, mwambie bado naisoma ingawa kwa kukwama. Majirani wakiuliza mbona siji, waambie ukweli tu, usinirembee.

Jumapili navuka tena kwenda Kamanga. Nitamtukana Masanja mbele ya wachukuzi wote, yeye na ng'ombe wake na babu zake. Akinijibu tena kwa adabu, nitavuka na Jumapili inayofuata.

Mimi mwanao anayekukumbuka,

Shomari