Kwa Kaka Aliyepimwa kwa Kamba ya Kupandia

Kaka yangu mpendwa,

Kuna bahasha mbele yangu ambayo sijaifungua. Imetoka chuoni kwako. Nitakueleza habari zake, lakini kwanza nisikilize, maana ulipokuwa hapa hukuwa na subira ya kunisikiliza.

Unaikumbuka ile ringi? Uliing'oa kwenye pipa bovu la yule mzungu aliyemwajiri baba, ukaipigilia ukutani mwa zizi, ukatupa mpira mpaka ng'ombe wakagoma kukamuliwa. Mpira ukianguka kwenye samadi, aliyetumwa kuuokota ni mimi. Baba alikuwa akisema Mungu amekupa urefu wa kuezeka nyumba bila ngazi, na wewe unautumia kusumbua mifugo ya watu.

Kisha yule mwalimu kijana Mmarekani, aliyewafundisha hesabu pale sekondari Eldoret, akakuona ukiruka. Akamwandikia kocha wake wa zamani, aliyekuwa katika chuo cha miaka miwili huko kwao. Kocha akajibu kwa swali moja tu: huyo kijana ana urefu gani?

Nyumbani hatukuwa na futi. Baba akaleta kamba yake ya kupandia mahindi, ile yenye mafundo, akakusimamisha kwenye mlango wa ghala na kuinyoosha kutoka kisiginoni hadi utosini. Sote tulicheka, wewe zaidi, isipokuwa mama.

"Mtu aliye hai hapimwi kwa kamba," alisema. "Anayepimwa hivyo ni wa fundi wa jeneza."

Baba akamwambia aachane na mambo ya kizamani, akaikata kamba palepale kwa panga, ukaipeleka shuleni mfukoni. Mwalimu hakuamini, akakupima upya. Barua iliyofuata ilisema uende: watakulipia masomo, malazi na chakula, nawe uwachezee mpira wa kikapu. Uliisoma ukiwa umesimama juu ya kiti, kana kwamba hukuwa mrefu vya kutosha.

Baba alijigamba mjini wiki nzima, lakini nyumbani aliogopa. Wakati huo kampuni yetu ya kununua mashamba ilikuwa imelipata shamba la yule mzungu, hapa kando ya barabara ya kwenda Turbo, na wanachama walikuwa wakiandikishwa. Badala ya jina lake akaandikisha lako. Alituambia kwamba mtu aliyeandikwa kwenye ardhi hapotei. Alitaka kukufunga kwetu kama ndama kwenye kigingi, na wewe ulimpa mkono ukamwambia utarudi kulima.

Barua zako tulizisoma hadi zikachanika kwenye mikunjo. Ulisema huko ni tambarare ya ngano isiyo na kilima hata kimoja. Ulisema sakafu ya uwanja ni ya mbao, inang'aa hata unaona haya kuikanyaga na viatu. Katika ile ya mwisho ulisema goti linavimba, lakini kocha anataka ucheze tu. Mama aliniomba nimsomee sehemu hiyo mara mbili.

Halafu ikaja kura ya kugawana mashamba. Ilitangazwa Jumapili baada ya ibada, ikapangwa Ijumaa, na barua ya kukufikia wewe inachukua wiki tatu. Kila mwanachama achote karatasi yake kwa mkono wake mwenyewe. Asiyekuwepo, shamba lake linapewa anayengoja. Mtu pekee wa kumchotea mwenzake ni mrithi wa marehemu.

Siku hiyo baba alivaa koti la kanisani. Karani akaliita jina lako. Akaliita tena, watu wakaanza kutugeukia. Wale wanaongoja walikuwa wamesimama karibu na debe la karatasi. Alipoliita mara ya tatu, baba akainuka.

"Huyo kijana yangu alikufa," alisema. "Huko ng'ambo. Mimi ndio baba yake, nitachota."

Karani akavua kofia, akaandika neno kando ya jina lako, akamsogezea debe. Baba aliuacha mkono wake humo ndani muda mrefu. Tulipata sehemu nzuri, kaka, yenye mto chini na lile zizi lenye ringi yako juu. Nilifurahi. Lazima nikwambie ukweli: nilifurahi kwanza, hofu ikaja baadaye.

Kesho yake majirani wakaja kutupa pole. Walileta sukari, unga na maziwa, wakaimba. Mama alikaa kwenye kigoda akipokea rambirambi za mtoto aliye hai, na hakuweza kumwambia mtu yeyote, maana shamba lingetutoka. Walipoondoka alimwambia baba neno moja tu: neno likitoka halirudi. Tangu siku ile hawazungumzi, na tangu siku ile wewe hujaandika. Ni miezi minne sasa. Baba anasema ni posta. Mimi husema ni wewe na uvivu wako.

Leo asubuhi nilienda kwa yule mzee Msomali mwenye duka, ambaye barua zetu hupitia kwenye sanduku lake. Yeye pia alikuja kutupa pole, alituletea majani ya chai. Aliitazama stempu, akanitazama mimi, akaiweka bahasha chini ya sukari niliyonunua bila kuuliza. Imepigwa chapa, jina ni la baba. Mwandiko wako haumo popote.

Baba alipoiona alisema niiweke mezani, akachukua kile kipande cha kamba kilichobaki akaenda kupanda, na mvua imeshaanza. Mama yuko mlangoni, amenipa mgongo. Msomaji wa nyumba hii sasa ni mimi tu.

Labda ni maksi zako. Labda ni goti. Ukiipata hii, jibu hata kwa mstari mmoja, ila usiandike jina lako nje ya bahasha, kwa kuwa hapa wewe ni marehemu. Nimekuandikia kabla sijaifungua, kwa sababu nikishaifungua sijui kama nitakuwa na mtu wa kumwandikia.

Kaa salama, kaka, popote ulipo.

Mimi dada yako, mwokota mpira.