Barua Kwenye Koni ya Uzi

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limepungua kuuma? Sisi tumefika wazima. Zamani tulikuwa tunaandika "hofu ni juu yako" kwa mazoea tu, mkono unaandika kichwa kiko jikoni. Leo hofu ninayo mimi, na ni ya kweli.

Nimepata kazi kwenye karakana ya sare za shule. Napiga vifungo na kupinda mikono ya mashati. Mwenye karakana ametupa chumba cha nyuma chenye dirisha moja linalotazama ukuta, nami nimelipenda, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kusimama pale akanichungulia. Mwanetu anachezea mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia.

Simu niliizima siku ile ile nilipotoka kwa baba mtoto. Iko ndani ya soksi, ndani ya begi. Naogopa kuiwasha. Ulimsikia alivyosema mbele ya mama: "Nenda popote, nitakufikia kabla hujavua viatu." Na mara ya kwanza nilipokimbilia kwa rafiki yangu alinikuta kweli, hata chai haijapoa. Nani alimwambia? Wewe unashinda na simu na kompyuta za watu, dada. Nifanye nini?

Barua hii anayo mama muuza nyuzi, yule anayepita dukani kwako kutoa fotokopi za risiti. Nimeisokota ndani ya koni ya uzi mweupe.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwanetu amekula? Goti ni lile lile, linanitangazia mvua bila malipo.

Sikiliza vizuri. Hakuna aliyemwambia, simu yako ndiyo iliyosema. Usiiwashe kabisa. Nenda kwenye duka la intaneti, mbali kidogo na karakana, ufungue barua pepe yako kwenye kompyuta yao. Badilisha neno la siri. Usiweke tarehe aliyozaliwa mwanetu, baba yake anaijua, alikuwepo. Kisha tafuta orodha ya vifaa vinavyotumia akaunti yako, uvitoe vyote. Nahisi televisheni yenu na kompyuta yake bado zimo humo, ndiyo maana alikuwa anakutazama kwenye ramani. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako katika kompyuta ya hapo dukani, usiache mlango wazi kama ulivyozoea nyumbani.

Halafu tafuta simu nyingine, hata ya mtumba, uifute yote kwanza. Laini mpya. Zima lokesheni, na ya kwenye kamera pia, maana picha huwa zinabeba mahali zilipopigwa. Usitumie waifai ya bure ya mtu usiyemjua. Namba nipe mimi tu.

Baba mtoto alikuja hapa Jumanne. Alikaa kwenye kiti cha wateja na begi lake mapajani, akalia mpaka nikaona aibu mimi. Simu yake ilikuwa imeishiwa chaji, akaomba yangu ampigie mama yake. Nikampa, nikaenda kumhudumia mteja wa vyeti. Usinikasirikie, nilimhurumia. Lakini neno juu yako sikumpa.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Sitauliza goti leo.

Nilifanya yote. Kwenye akaunti yangu kulikuwa na vifaa vinne, na mimi nina simu moja tu. Nikavitoa, nikapata simu, nikapata laini. Zile siku tulizokuwa tunaandikiana ujumbe nilianza hata kulala. Nikakutumia picha ya mwanetu amesimama mbele ya geti la karakana, na lokesheni nilizima kwanza, naapa.

Jana nilikuwa nakata nyuzi za kola. Simu ikalia, namba siijui. Ni ujumbe: "Geti la buluu linampendeza mwanangu. Lakini amekonda."

Mkasi ulinianguka mguuni. Wenzangu wakacheka, wakadhani nimesinzia.

Picha ile nilimtumia mtu mmoja duniani. Namba hii nilimpa mtu mmoja duniani. Alilia mbele yako, ukamhurumia, umeniambia mwenyewe. Dada, ni wewe? Kama alikutisha, sema. Kama alikubembeleza, sema pia. Ila nijibu kwa karatasi. Usinipigie, maana nikiisikia sauti yako nitakuamini hata kama unanidanganya.

Kila pikipiki inayopunguza mwendo hapo nje, namvuta mwanetu chini ya meza. Hajaandika kwamba anajua mji. Najiambia hajui mji. Mageti ya buluu ni mengi.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Mwanetu amekula? Hata kama salamu zangu huzitaki, hiyo utanijibu.

Nilisoma barua yako nikalia, kisha nikakasirika, nikaizima mashine ya fotokopi watu wakiwa kwenye foleni. Halafu nikakaa nikajiuliza: kama si mimi, ni nani? Nikafungua simu yangu. Mle mle tunamoandikiana, kwenye mipangilio, kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Mimi ninayewaelekeza wateja kutwa nzima sikuwahi kuifungua kwenye simu yangu.

Kuna kompyuta moja. Si yangu. Iliunganishwa Jumanne ile.

Begi alilopakata lilikuwa na kompyuta, mdogo wangu. Unawasha kompyuta, inaonyesha kimraba chenye vidoti, unakimulika kwa simu ya mtu, basi. Inachukua muda mfupi kuliko kutoa fotokopi ya cheti. Tangu siku ile kila ulichoniandikia alikisoma, mara nyingine kabla mimi sijapata miwani yangu. Machozi yale nayo yalikuwa kazi.

Mtu mwingine angekitoa kifaa kile palepale, na wewe ukikuta kwako kitoe palepale. Mimi nimekiacha. Nikikitoa atajua nimejua, atatafuta njia nyingine ambayo hatutaiona. Hama leo, usilale hapo. Kwenye simu nitakuandikia kwamba umefika salama kwa yule rafiki yako wa shule, mji wa kule juu. Rafiki huyo hayupo, tumemzaa mimi na wewe leo. Wewe niitikie, umshukuru kwa chakula chake. Huku nimekwenda polisi. Askari mmoja mwanamama amenisikiliza bila kuniuliza ulimkosea nini shemeji. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii.

Kuanzia sasa ninachoandika kwenye simu ni cha kumlisha yeye. Wewe niamini kwenye karatasi tu.

Dada yako

11 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ile barua ya kukushuku. Nilikuomba msamaha kwa barua ndani ya koni ya kijani, lakini leo mama muuza nyuzi ameirudisha ile ile, karatasi haijaguswa. Anasema duka lako lina kufuli, na fundi viatu wa jirani naye hayupo.

Tumehama. Tunalala kwa mwenzangu wa mashine ya vifungo. Kwenye simu nilikuwa nakuitikia uongo wako, nikamsifu rafiki yetu hewa kwa mapishi, hata nikacheka peke yangu. Kisha ukanyamaza. Na jana namba yako ikaniandikia: "Mdogo wangu, mambo yameisha. Shemeji amekamatwa. Njoo na mtoto nyumbani, nimekuandalia chumba."

Nilitaka kuamini. Nilianza hata kukunja nguo za mwanetu. Halafu nikaisoma tena. Tangu nina akili hujawahi kunisalimia bila kuuliza nani amekula. Hata siku ya msiba wa baba uliuliza. Amesoma ujumbe wetu wote na hilo hakuliona, kwake halikuwa neno.

Kwa hiyo simu yako iko kwake. Na wewe uko wapi? Nakuomba usiwe umekufa. Nakuomba sana.

Nimempigia askari wako. Amenielekeza nijibu nini, nami nimejibu: "Ndiyo dada, tutashuka kituo cha mabasi Jumamosi asubuhi. Atatupokea nani?" Jibu limekuja haraka: "Mimi mwenyewe." Hatutashuka. Watakaokuwepo ni askari.

Barua hii itasukumwa chini ya mlango wa nyumbani kwa fundi viatu. Kama upo, niandikie. Neno moja linatosha.

Mdogo wako

16 Aprili

Mdogo wangu,

Mwanetu amekula?

Nimemwambia nesi aanze na hilo, kwa sababu nilijua ukiona mwandiko si wangu utaitupa karatasi kabla ya kuisoma. Mkono wangu wa kulia umevunjika, uko kwenye plasta. Mimi nasema, yeye anaandika.

Shemeji alikwenda mji wa kule juu akamtafuta rafiki yetu, akachoka, akarudi dukani kuniuliza. Sitakueleza zaidi, nesi huyu ni mdogo na ameshaanza kukunja uso. Aliondoka na simu yangu. Fundi viatu ndiye aliyenibeba, na hakutoka hapa hospitali mpaka alipopata wa kumpokea zamu, akaenda kulala nyumbani. Huko ndiko alikoikuta barua yako.

Jumamosi wamemkamata kituo cha mabasi. Alikuwa amesimama panaposhukwa, simu yangu mkononi, begi begani. Yule askari amekuja kuniambia mwenyewe. Nimelia, sijui kwa furaha au kwa goti. Yuko ndani, na kesi itasikilizwa. Usirudi bado. Lakini unaweza kulala, na mwanetu mruhusu acheze nje.

Nesi ameniuliza hiyo sehemu ya vifaa vilivyounganishwa iko wapi. Nimemwelekeza kwenye simu yake, akafungua akicheka. Viko viwili. Anakijua kimoja.

Sasa ameketi kitandani kwangu, bado ananiandikia. Ngoja nimshike kwa mkono huu mzima, kisha tukitoe hicho asichokijua.

Dada yako