Pazia la Chumba cha Gemu

Nzuguni, Jumamosi jioni. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno.

Leo nimecheza gemu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nimefungwa mabao mengi mpaka nikaona aibu. Bora niandike mwenyewe kabla watu hawajaisimulia.

Ilikuwa hivi. Chumba kilichopakana na chumba changu cha cherehani, kwenye safu ya maduka, kimepangwa na kijana wa Kondoa anayeitwa Bakari. Ameleta televisheni nne, viti vya plastiki, na pazia zito jekundu mlangoni. Anaomba leseni ya kuchezesha gemu. Mwenyekiti wa mtaa amesema hapitishi kitu mpaka awasikie majirani, na jirani wa ukuta kwa ukuta ni mimi peke yangu.

Wiki nzima watu wananifuata kana kwamba leseni natoa mimi. Mama Joyce wa duka la vyakula hata salamu alisahau.

"Fundi, ukikubali umetuuza. Leo gemu, kesho ataleta madubwi, watoto wetu wacheze kamari mchana kweupe."

Na mimi nina hofu yangu. Wateja wangu ni wanawake. Wanakuja kupimwa, wanageuka, wanainua mikono. Nani atakuja kupimwa gauni huku vijana wamejaa barazani wanamkodolea macho? Wateja wakikimbia, nafunga.

Lakini Bakari ameacha kazi ya kupakia mahindi kwenye malori kule Kibaigwa kwa ajili ya chumba hiki. Nikisema hapana, anarudi kwenye magunia.

Sasa mimi nina ugonjwa wangu. Siwezi kukataa kitu ambacho sijakichungulia.

Asubuhi nikafunua pazia. "Shikamoo dada, karibu," akasema Bakari, akanipa kiti na kunionyesha vitufe. Nilicheza. Nilipiga kelele. Nilimtukana golikipa ambaye hata hayupo duniani. Jamani, ni tamu! Sikujua.

Nilipoinuka kuondoka, mtu akakohoa kwenye kona. Alikuwa fundi umeme, anaunganisha waya chini ya meza. Muda wote nilikuwa nikidhani tuko wawili.

Nilipotoka nje jua lilikuwa limeshahama baraza, na mteja wangu alikuwa amekuja, amesubiri, akaondoka.

Nikarudi kumuuliza, pazia la nini?

"Jua, dada. Mwanga ukipiga kwenye kioo, mpira hauonekani."

Nikakaa kwenye cherehani nikiwaza. Gemu yenyewe haikunitisha. Kilichonitisha ni lile giza, mtu kukaa humo bila kujua nani yuko naye, na aliye nje asijue nani yuko ndani.

Alasiri tukakutana kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Mama Joyce alisema ya madubwi, mzee mmoja akasema ya ugomvi na wizi. Mwenyekiti akaniita. Nikasimama, nikasema yangu. Pazia litoke. Televisheni zigeuzwe, ziupe mlango mgongo. Kioo hakitapigwa na jua, na wachezaji watakaa wakitazama mlango, kila anayepita aone sura zao. Barazani asisimame mtu. Mwanafunzi asiingie saa za shule. Mashine ya kamari ikionekana hata moja, afungiwe.

Bakari akakubali pale pale. Watu wakaguna, wakaanza kuelewana.

"Na nani atakuwa anaangalia?" akauliza Mama Joyce.

Mwenyekiti hakufikiri hata kidogo. "Si Fundi yupo mlango wa pili? Na mnamjua Fundi, hapitwi na jambo."

Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Likapita hivyo hivyo: Bakari anaombewa leseni, mimi ndiye jicho la mtaa.

Njiani kicheko kikaniishia.

Nimezoea kuchungulia kwa raha zangu. Nikiona kitu, nasema nikitaka, nanyamaza nikitaka. Kuanzia sasa, mtoto wa mtu akipotelea mle, hawatamuuliza Bakari. Wataniuliza mimi nilikuwa natazama wapi.

Mama Joyce alinikuta kwenye kona ya bomba, tukatembea pamoja. Hasira zilikuwa zimemwisha, sauti iko chini. "Joyce wangu siku hizi simwelewi. Anaaga anakwenda shule, nasikia hafiki. Ukimwona mle, usinifiche."

Nikajibu "sawa" haraka mno.

Joyce yuko kidato cha tatu. Huwa anakuja kukaa kwangu, anaokota vipande vya vitambaa, ananiambia mambo ambayo mama yake hayajui. Najua kwa nini hafiki shule, na siri hiyo siiandiki hata hapa. Ananiamini kwa sababu sijawahi kumsema.

Siku nikitazama mlango wa pili na kuiona sura yake, nitamwita nani kwanza, yeye au mama yake?