Mgeni Asiyesema Rudi

Fort Worth, Texas

Dada yangu Mwanaisha,

Kabla hujaendelea, ondoka hapo ulipo na watu, uketi peke yako, na barua hii uisome kwa macho tu. Nakuomba kwa haki ya ziwa tulilonyonya, usilitamke hata neno moja lililomo. Mama akikwambia, "Soma basi na sisi tusikie," mwambie mwanawe anamsalimu na ni mzima, kisha uikunje. Huyo nitakayekueleza husikia kila linalosemwa, hata kwenye simu, lakini hajui kusoma. Ndiyo maana nina simu mfukoni na bado nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani.

Hali zenu lakini? Magoti ya Mama yamepata nafuu kwa ule mchuo? Na wewe kifua kimeacha kukubana? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio umenishinda.

Kazi yangu unaijua. Mimi karani wa ofisi ya yale majumba ya kupanga huko Gulfton, Houston, na walinichukua kwa sababu nusu ya wapangaji wanasema Kiswahili: Wakongo, Warundi, Wakenya, na sisi wa visiwani. Meza yangu iko karibu na mlango. Bomba likivuja au kiyoyozi kikifa, watu huja kwangu. Alasiri moja, jua la kupasua mawe, nilikuwa naandika malalamiko ya Mkongo mmoja juu ya mende, nikasikia mlangoni, "Hodi."

Dada, huku hakuna mtu apigaye hodi. Watu hubonyeza kengele au husukuma mlango wakaingia. Sauti ile ilikuwa ya kwetu hasa, ya mtu mzima aliyesimama nje na viatu ameshavivua. Hata macho sikuyainua. Nilisema, "Karibu, karibu ndani," kama tulivyofunzwa tangu hatujajua kutembea. Basi hilo ndilo kosa langu lote.

Aliingia mzee wa kanzu safi, mikono mitupu, hana hata kifurushi. Nje joto linayeyusha lami naye hana tone la jasho. Akaniambia, "Nimepiga hodi milango mingi ya mji huu. Watoto wa humo huniuliza mimi nani, tena kwa lugha ya watu. Wewe ndiye uliyenikaribisha, mwanangu. Mimi mgeni wako."

Nilidhani ni mzee wa watu aliyepotea. Nikampeleka kwa Mama Nadia, yule mjane wa Tanga anayehudumia wagonjwa hospitali, aliyenipokea siku nilipofika sina pa kulala. Mama Nadia hajui kumwambia mtu hapana. Akamtandikia, akampa mto wa kuegemea, akamwekea chai.

Mzee alikunywa vizuri na kusifu. Lakini chai iliyobaki kwenye birika ilikuwa haina sukari tena, na sukari nilimwona Mama Nadia akiitia kwa mkono wake. Kesho yake wali ukapotea chumvi. Kisha viungo vikapotea harufu hata vikiwa vinakaangwa. Kisha Mama Nadia akaacha kucheka, yeye ambaye kicheko chake husikika ghorofa ya juu. Walikuja watu wa msikitini wakasoma. Mzee aliitikia amina pamoja nao, tena kwa adabu kuwashinda wote, na walipomaliza akaomba chai.

Salum wa Mombasa, rafiki yangu anayefanya kazi ghalani huko Garland, karibu na Dallas, alikuwa amekuja kunitazama. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akaenda dukani akalinunua kweli, jipya, na bei yake bado imebandikwa mpinini. Mzee akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka akalima kando ya uzio wa maegesho ya magari. Tulipokwenda kutazama, Dada, hakuwa amelima tuta. Alikuwa amechimba shimo la urefu wa mtu, na mwanandani wa kulazia maiti ameuchonga sawasawa. Akaniuliza, "Latosha kwa mwanamke, au niongeze?"

Hapo nikamjua. Nikakumbuka Babu, na zile safari zake tulizoambiwa ni za biashara, akirudi miguu imepasuka na hataki kusema alikuwa wapi. Nikakumbuka ule mji wa kusini uliobaki kuta tupu, aliotwambia kuwa mgeni alikaa humo hadi wenyeji wakaisha. Wewe ulikuwa ukimsikiliza. Mimi nilikuwa na vitabu vyangu, nikisema hayo ni mambo ya wasiokwenda shule. Lakini moja nililishika: mgeni wa namna ile hafukuzwi wala hasomewi akatoka. Aliyemkaribisha ndiye atakayemsindikiza, na atamsindikiza mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Hapa panatosha, rudi." Mwenyeji akigeuka kabla ya kuambiwa, mgeni hurudi kwenye nyumba aliyokula.

Nililijua hilo, na nilikimbia. Nilimwacha Mama Nadia na mtoto wake na yule mzee, nikapanda gari na Salum hadi Garland. Nikasema nitatafuta kazi ghalani na kuanza upya. Kila mtu ana mlango wake, nikajiambia.

Nadia alinipigia. Huyu mtoto amezaliwa huku na Kiswahili chake ni cha kuungaunga. "Uncle, mama ha-talk. Namwambia mama kula, anaangalia ukuta tu. Na yule babu amekaa kwa kiti chako. Anasema ana-wait wewe."

"Mpigie daktari," nilimwambia.

"Nimepiga. Wamesema yuko okay. Uncle, hayuko okay."

Salum alikuwa anasikia yote, na habari za Babu nilishamsimulia njiani. Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Babu yako alikuwa akiyasindikiza madude haya kwa miguu, tena pekupeku. Wewe una gari lenye kiyoyozi, na watetemeka! Ndiyo usomi huo?"

"Nenda wewe basi."

"Mimi nilisema karibu? Ningesema mimi, ningekwenda. Chukua ufunguo huo, na ukilia, lilia njiani."

Nikaenda nikilia, sikufichi. Nilipofika nilimkuta Mama Nadia amelala macho wazi, midomo imekauka, na yule mzee ananyoosha kanzu yake kama mtu aliyekuwa akingojewa na gari. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Mgeni wangu, nimekuja kukusindikiza."

"Umechelewa kidogo," akasema, "lakini si vibaya."

Alipovuka tu kizingiti nilimsikia Mama Nadia nyuma yangu, sauti kama ya mtu aliyetoka usingizini: "Nadia, nani huyo anaondoka bila kufungiwa chakula?" Sikugeuka kumwangalia. Niliogopa kugeuka kwa namna yoyote.

Tangu hapo tuko njiani. Nimepanda naye barabara kuu hadi Dallas, nikamzungusha Garland, sasa tuko huku Fort Worth. Anakaa kiti cha nyuma, anatazama mabango. Kila tunaposimama kutia mafuta namuuliza, "Mzee, hapa hapatoshi?" Naye hunijibu kwa upole, "Bado, mwanangu. Mwenyeji mwema hachoki." Juzi nilikosea njia ya kutokea, nikajikuta gari limeelekea kusini, kule Houston. Haukupita muda, Nadia akapiga simu analia kuwa mama yake ameacha kusema katikati ya neno. Nikaligeuza gari huku magari mengine yananipigia honi. Basi nikajua hanitanii. Nikigeuka, lile shimo la uzioni lina mwenyewe.

Wakati huu nakuandikia kwenye nyumba ya kufulia nguo kwa mashine. Amekaa benchi la pili, anatazama nguo zinavyozunguka. Ameniuliza sasa hivi, "Unaandika nini?" Nikasema salamu za nyumbani. Akasema, "Zitie na zangu." Sikuzitia, Dada, na sitazitia.

Na sasa lile lililonifanya niandike. Tulipoingia mji huu alinambia, "Naona umechoka. Nipeleke kwenu. Nitasimama mlangoni kwa Mwanaisha, na hapo nitakwambia rudi." Jina lako sikumtajia kamwe. Asema bahari kwake si kitu, mradi mwenyeji wake atangulie. Nami nilimjibu hapana, kwa sauti kubwa, hadi watu wakageuka. Lakini jana nilijikuta kwenye simu natazama tiketi za kuja Zanzibar, na wala sikumbuki nilianza vipi kutazama. Mimi si Babu. Nimeshakimbia mara moja nikamwacha mwanamke aliyenilisha. Unanijua tangu mdogo, unajua nikiogopa naweza kufanya nini.

Nisalimie Mama, umbusu mikono. Msalimie shemeji yangu, mume wako, umwambie saa aliyonipa bado naivaa. Msalimie Ami Hamadi aliyenisomesha, asijute. Wanao uwapakate kwa niaba yangu. Bibi, mjane wa Babu, msalimie zaidi kuliko wote, na mkiwa mnachambua mchele muulize taratibu Babu alifanya nini hata wale aliowasindikiza wakawa wanamwambia rudi. Usimtajie mgeni. Muulize tu Babu alikuwa akirudi vipi.

Atakalosema liandike, usinipigie simu. Binamu yake Salum husafiri kuja huku mara kwa mara, naye sasa yuko kwao Mombasa. Mtumie kwa mkono wa manahodha wa boti, naye atampa Salum, na Salum anajua kunitafuta. Nikikupigia mimi, kata. Nikikupigia tena ninalia, kata vilevile.

Na nikija mwenyewe, Dada, sikiliza vizuri. Ukisikia hodi mlangoni, na sauti ni yangu, na inakuita kwa jina lile la utotoni tunalolijua sisi wawili, usiitikie. Zuia watoto midomo. Mama akitaka kusema karibu, mzibe hata kwa mkono, Mungu atakusamehe. Wacha nipige hodi ya pili na ya tatu mpaka nichoke.

Kama nimeachiwa, sitapiga hodi. Nitakaa nje kimya, hata mvua inyeshe, mpaka utoke kwa shughuli zako unikute. Hapo pia usiseme neno. Tazama kwanza nyuma yangu.

Ndugu yako,
Masoud