Kahawa Iliyouzwa Ingali Maua

Jumatano, Muleba. Ukungu haukuondoka mlimani hadi saa nne, na ulipoondoka nilikuwa nimeshasema uongo.

Mimi ni msimamizi wa mirathi ya kaka yangu. Ukoo ulinichagua kwa sababu nimeishi Dodoma miaka arobaini na moja: nimesoma, na sina upande. Leo nilipeleka mahakama ya mwanzo taarifa yangu ya mali, kilichokuwepo na kilichotumika, ili mirathi ifungwe nirudi zangu.

Hakimu, mdogo kuliko binti yangu, aliisoma hadi mstari wa kibanja cha migomba na kahawa, akanyanyua kichwa. “Mzee, kahawa ya msimu huu mbona siioni?”

Haipo kwa sababu iliuzwa butura. Mnunuzi hulipa kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kisha huja kuichuma ikiiva. Serikali imekataza, kwa hiyo hakuna risiti. Huku watu wanauza hivyo kila mwaka, na hakuna anayeiandika popote.

Mwezi wa kumi upepo uling’oa bati za nyumba. Koku, mjane wa kaka, akanipigia simu, akiniita shemeji kwa lugha ya kwetu. “Mulamu, tunalala na mvua. Niuze maua?” Nilimjibu nikiwa chini ya paa zima: “Uza, shemeji. Mahakamani nitajua la kusema.”

Leo nilijua la kusema.

“Aliuza mjane, mheshimiwa. Mimi sikuwa na habari.”

Watoto watatu wa mke wa kwanza wa kaka walisimama kwa pamoja. “Si tulisema!” mkubwa wao alifoka. “Huyu mama anakula mali ya baba. Atoke!” Hakimu ameahirisha shauri kwa wiki mbili. Nipeleke maelezo ya kahawa kwa maandishi, ndipo aamue kama Koku atabaki kwenye nyumba ile au atarudi kwa kaka zake Rubafu, na miaka yake sitini na minne.

Nje, Koku alinifuata kwenye benchi. Nilitegemea matusi.

“Pole na safari, mulamu,” alisema. “Kisimu changu hiki cha kitochi hakirekodi maongezi. Ulijua, eti?”

Nilijua.

Ningependa kuandika kwamba niliogopa kuvuliwa usimamizi, kwamba jina jema ndilo kitu pekee nilichobakiza katika ardhi hii ya kwetu niliyoiacha nikiwa kijana. Ni kweli, lakini haitoshi. Kabla sijafungua mdomo nilikumbuka simu yake ni ya aina gani. Nilipima hilo kwanza, kwa utulivu, kama mtu anayechagua kalamu.

Sentensi inayotakiwa ni fupi: mimi ndiye niliyemwambia auze.

Nimeiandika hapa, ambapo hakimu hasomi wala hapagongwi mhuri, na tayari najisikia nafuu. Nafuu hii ndiyo inayonitisha. Nikiamka nayo kesho, nitakwenda mahakamani kufanya nini?