Mkono wa Mama Zuhura

Dada Rehema, shikamoo.

Mvua ya Mwananyamala haijakatika tangu nifike. Jumamosi wataalamu wa jiji janja, mradi wa kuendesha jiji kwa teknolojia, waliitisha mkutano wa mtaa, wakazi waseme vifaa vya kupima mafuriko vifungwe wapi. Nilidaka kipaza sauti, nikawasuta kwa kupanga miji bila wenye mitaa, hadi muda ukaisha.

Leo nimekula vitumbua kwa Mama Zuhura, jirani wa mwenyeji wangu, mafundi wakifunga kifaa barabarani mbele yetu.

“Mwalimu, ulitutetea kweli,” akacheka. “Ila mie nilinyoosha mkono tangu mwanzo. Maji yanaingilia nyuma, chumba wanacholala wanangu.”

Nilirudisha kitumbua sahanini. Ungekuwepo mkutanoni, ungenivuta shati nikae.

Mungu akutunze, dada. Bado nakuhitaji.

Mdogo wako,
Idi